Jumamosi za Auleria

Askofu Mkuu Adelard alikuwa amezika watu wengi: mapadri, masista, waziri mmoja, na maaskofu wenzake wawili. Kuzika alikujua. Hata wasiompenda, na hawakuwa haba, walikiri kwamba akishika kitabu cha mazishi sauti yake huwatuliza wafiwa. Basi fikiria mtu wa namna hiyo, miaka sitini na nane kichwani, anafiwa na dada yake wa pekee, halafu anaambiwa kwenye simu kwamba marehemu huyo hawezi kuzikwa na padri.

Kisa nini? Waraka. Na waraka kaandika nani? Yeye mwenyewe.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Loveness, binti wa marehemu, Jumatatu asubuhi. Mama amekwenda, Mjomba. Askofu alikuwa nyumbani kwake Mbweni, chai mbele yake, na alilia palepale mezani bila kujali kwamba mpishi anamwona. Alipomaliza kulia akapanga mambo kama alivyozoea: misa Jumatano saa nane mchana, kanisa la Yombo alikosali marehemu, yeye mwenyewe ndiye atakayeongoza. Saa nne ikalia simu ya pili. Ilikuwa ya Padri Daniel, paroko wa hukohuko Yombo.

"Mhashamu, kuna kajambo kadogo."

Vijambo vidogo vya mapadri wake Askofu alivijua. Cha mwisho kilikuwa paa zima la kanisa lililochukuliwa na upepo.

"Sema, Padri."

"Mwenyekiti wa jumuiya ameniletea daftari. Mama Auleria hajahudhuria jumuiya miaka mitatu. Hata Jumamosi moja."

"Dada yangu alikuwa mgonjwa."

"Miezi mitatu hii, Baba, ndiyo. Kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa, sokoni tulikuwa tunaonana. Mwenyekiti anasema hasaini barua ya mazishi. Anasema anafuata waraka."

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Mkatoliki wa mjini ana kanisa, lakini kabla ya kanisa ana jumuiya: nyumba kumi na tano au ishirini za mtaa mmoja, zinazokutana kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wanasoma Injili, wanasali, wanaulizana hali, na mwenyekiti anaandika nani yupo na nani hayupo. Mtu akifa, barua ya mwenyekiti huyo ndiyo inayomtoa padri parokiani. Ni utaratibu mzuri, na mimi sina ugomvi nao. Ila Askofu Adelard, miaka saba nyuma, alikuwa amechoshwa na wale aliowaita Wakristo wa kubebwa mara tatu: wanabebwa kubatizwa, wanabebwa na gari la maua siku ya harusi, na mara ya tatu wanabebwa kwenye jeneza. Akaketi, akaandika Waraka Namba Saba. Asiyeshiriki jumuiya miezi sita mfululizo bila udhuru hatazikwa kwa ibada ya Kanisa. Hakuacha hata kaupenyo. Waraka ulisomwa makanisa yote na Jumamosi iliyofuata jumuiya zikafurika hadi watu wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Askofu alifurahi sana siku zile. Alidhani ni imani, kumbe sehemu kubwa ilikuwa hofu.

"Nakuja huko," akamwambia Padri Daniel.

Msiba ulikuwa umeshatandaza turubai hadi barabarani. Wanawake kwenye majamvi, wanaume kwenye viti vya plastiki, sufuria la maharage nyuma ya nyumba. Alipoteremka kwenye gari watu wakasimama, wengine wakapiga goti kuibusu pete. Akawa anawainua watu kwa mikono njia nzima, na moyoni akamkumbuka mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kuigusa pete ile. Siku aliyosimikwa uaskofu, Auleria alimpa mkono kavukavu mbele ya wageni akasema, "Mkono huo nimeukata kucha mie. Siupigii goti."

Alikuwa na haki ya kusema. Mama yao alifariki huko Mbinga Adelard akiwa na miaka tisa na Auleria kumi na nne. Auleria akaacha shule. Yeye ndiye aliyelima, aliyepika, na aliyebeba sanduku la bati kichwani kwa siku mbili za miguu kumfikisha mdogo wake seminari. Alipofika getini alilitua, akamwambia, "Ukishindwa, rudi nyumbani, sitakucheka." Katika maisha yake yote Askofu hakupata baraka iliyomfaa kuliko ile.

Lakini miaka mitatu hii kitu kilikuwa kimepoa kati yao. Kila alipomwita Mbweni Jumamosi, siku pekee aliyokuwa na nafasi, dada alijibu neno lilelile: "Jumamosi nina kazi." Kazi gani, mwanamke wa miaka sabini na mitatu? Askofu alidhani ni jumuiya. Akajisifia dada mwenye bidii.

Sasa alikuwa amekaa sebuleni kwa marehemu, na mbele yake amesimama Wilbert, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Ritha. Karani mstaafu wa mahakama, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Daftari alikuwa amelikumbatia kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Askofu."

"Milele, amina. Hebu nilione."

Wilbert akalifungua. Mistari yote ilipigwa kwa rula. Jina la Auleria lilikuwa na alama za vema, vema, vema, mpaka mwezi wa nane, miaka mitatu nyuma. Halafu zikaanza X nyekundu, ukurasa hadi ukurasa, bila kukatika.

Padri Daniel, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. Alikuwa kijana mwenye moyo mwema na haraka nyingi. "Mhashamu, mie naona tusisumbuke. Kalamu ipo. Tuweke vema chache hapa na pale, mwenyekiti asaini, mama apumzike. Nani atauliza?"

"Mie nitauliza," alisema Wilbert. "Nisamehe, Padri. Baba Askofu, mdogo wangu Fredrick, tumbo moja, alifariki mwaka juzi. Alikuwa na Jumamosi saba tu zenye X kupita kiwango. Saba. Mama yangu alinishika miguu. Nikamwambia, mama, waraka haujaandikwa na mimi. Sikusaini. Tukamzika Fredrick kama mzigo, na mama hajanisemesha mpaka leo. Leo nikimsainia dada yako, nitarudi nyumbani nimwambie nini?"

Hakusema kwa jeuri. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika daftari.  Askofu alikuwa na maneno ya kila msiba, lakini msiba alioutengeneza mwenyewe hakuwa na neno lake.

"Na nikiufuta waraka?" aliuliza polepole.

"Ni haki yako, Baba. Lakini watu watauliza umeufuta siku gani."

 Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo Askofu alikuwa ameihubiri mara ngapi?

Loveness ndiye aliyeingilia. Alikuwa amekaa chini karibu na mlango wa chumba, khanga kichwani, macho yamevimba. "Mjomba, mama hakuacha jumuiya kwa uvivu. Aliacha kwa makusudi. Na aliacha maneno."

"Maneno gani?"

"Unamkumbuka mzee Alfonsi? Yule mchongaji."

Askofu akataka kusema hapana. Lakini jina lilikuwa limeshagusa mahali fulani.

Alfonsi alikuwa Mmakonde aliyeishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Msalaba mkubwa ulio juu ya altare ya Yombo aliuchonga yeye, bure, kwa miezi minne. Lakini Jumamosi ndiyo siku yake ya kupeleka vinyago kwa wanunuzi, alfajiri, mbali, na asipokwenda nyumbani hawali. Akakosa jumuiya. Vumbi la mpingo likamwingia mapafuni, akafa. Mkewe, Anastasia, akanyimwa barua. Na kwa kuwa wiki ileile Askofu alikuja Yombo kutoa Kipaimara, Anastasia alimsubiri nje ya kanisa, Auleria kamshika mkono.

Sasa Askofu alikumbuka. Alikumbuka jua, gari likiwa limeshawashwa, na mama mmoja aliyepiga magoti mchangani. Alikumbuka hata alilojibu: "Mama, sheria ni sheria. Tukimlegezea mmoja, tutawalegezea wote." Uso wa mama yule hakuukumbuka, kwa sababu hakuutazama. Alikuwa anatazama saa. Alimwona dada yake nyuma ya yule mama, akampungia mkono, na dada hakupunga.

"Kesho yake wachongaji wenzake wakamzika," Loveness aliendelea. "Watu wa jumuiya walikatazwa kwenda. Mama akaenda peke yake, akaongoza rozari pale kaburini. Tangu hapo, Jumamosi saa kumi na mbili, nyie mkiwa jumuiya, yeye alikuwa anamchukua mama Anastasia wanakwenda makaburini kufyeka na kusali. Kila Jumamosi, Mjomba. Akaniambia, 'Nikifa, wanipime kwa kipimo kilekile. Adelard asinipendelee. Akinipendelea, nitakuwa nimetembea bure.'"

Jumamosi nina kazi. Askofu aliinama akaushika uso wake kwa mikono miwili. Padri Daniel akajifanya anatazama dirishani. Uchungu alioupata mzee yule pale hauna jina zuri. Ulikuwa aibu na mapenzi kwa pamoja. Dada yake alikuwa amemfungia mlango kwa mkono wa upendo, na ufunguo akaondoka nao. Akimzika kwa misa, amempendelea. Asipomzika, amemtupa mtu aliyembebea sanduku.

"Mama Anastasia yuko wapi?" aliuliza mwisho.

Alikuwa nje, kwenye jamvi, mgongo ukutani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Askofu akavua viatu, akaketi jamvini mbele ya wanawake wote, na kanzu yake ikajaa mchanga. 

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Adelard. Mdogo wake Auleria."

Anastasia akaelekeza sikio kwake. "Sauti naijua."

"Mama, nilikukosea."

"Ulinikosea," alisema Anastasia. Hakuongeza la kumfariji. Wengi wangesema yamekwisha, Baba, yameshapita; yeye hakusema. Alikuwa ameshika rozari ya mbegu na aliendelea kuisogeza kidole kwa kidole.

"Waraka ule nimeufuta. Nimeufuta leo, na najua ni kwa sababu gani leo. Ningekuwa na aibu ningeufuta siku ile ulipopiga magoti. Jumatano, kabla sijamgusa dada yangu, nitamzika Alfonsi. Nitasali kaburini kwake sala zote alizonyimwa, kisha nitakwenda kwa Fredrick, mdogo wake mwenyekiti. Zikibaki nguvu ndiyo nitamzika Auleria. Akiwa wa mwisho hatakuwa amependelewa."

Mwanamke mmoja pale jamvini akasema chini kwa chini, lakini wote walisikia: "Kumbe ilikuwa inawezekana!"

Askofu alisikia, akainamisha kichwa. Anastasia akauliza tu, "Nani atanishika mkono?"

"Mimi."

Jumatano misa haikufanyika kanisani. Msafara ulikwenda moja kwa moja makaburini, watu wengi kuliko ilivyotarajiwa, maana habari ilikuwa imeshatangulia. Masika ilikuwa imepita na majani yamefika kiunoni. Jeneza la Auleria likatuliwa juu ya viti viwili pembeni mwa shimo, Loveness kasimama nalo. Kwa Fredrick hapakuwa na shida ya kutafuta. Wilbert alikuwa amejenga kaburi la saruji, kisha akaandika jina kwa mkono ule wa karani. Mama yake mzee aliletwa kwa bajaji. Wakakubaliana kuanza na Alfonsi, aliyekufa mwanzo.

Askofu akamshika Anastasia mkono, ndoo ya maji ya baraka mkononi kwa Padri Daniel, wakaingia kwenye majani.

"Ni lipi, mama?"

Anastasia akasimama. "Unaniuliza mie?"

"Si ulikuwa unakuja kila Jumamosi?"

"Nilikuwa nashikwa mkono, Baba. Macho yalianza kuniondoka hata kabla ya msiba. Auleria ndiye aliyekuwa akinileta, ananiambia, haya, tumefika, piga goti. Mie napiga goti. Lilikuwa na msalaba wa mpingo, wenzake walimchongea, ukaibiwa mwezi uleule."

"Nani mwingine anajua?"

Askofu akageuka kuwatazama watu. Wachongaji walikuwa wamerudi Mtwara zamani. Watu wa jumuiya wakatazama chini, mmoja mmoja. Siku ile walikuwa majumbani mwao, kwa amri. Miezi mitatu Auleria alikuwa kitandani, na majani hayakungoja. Mbele yao kulikuwa na vichuguu vya udongo safu mbili, tatu, labda arobaini, vimefanana. Mtu pekee aliyejua ni kipi alikuwa ndani ya jeneza.

Nadhani mtu mwingine angesimama katikati, akainua mkono, akabariki eneo zima kwa mara moja. Inaruhusiwa. Padri Daniel alimnong'oneza hivyohivyo. Jua lilikuwa kali, wazee walikuwa wamesimama, na Askofu alikuwa na sukari na presha. Lakini alikuwa ameshachoka kuwaona watu kwa jumla.

"Nipe ndoo," alisema.

Akaanza na kaburi la kwanza. Akainama, akang'oa majani kwa mikono, akanyunyiza maji, akasoma. Alfonsi, kama ni wewe, pokea. Kama si wewe, nawe uliyelala hapa pokea, hujui tu nilikuwa namtafuta nani. Akaenda la pili, akasoma sala ileile mwanzo hadi mwisho bila kuruka neno. Anastasia alikuwa kando yake, kashika mkanda wa kanzu. Kwenye la sita Wilbert aliweka daftari chini, mchangani, akaja kung'oa majani mbele yao. Kwenye la kumi wakaja wanawake wa jumuiya, wakavua viatu. Hapo kati huenda kulikuwa na Walutheri na Wasabato. Wote walizikwa mara ya pili siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Ilipofika kama saa kumi sauti ya Askofu ilikuwa imekauka. Alimaliza safu ya mwisho, akajiinua kwa shida, jasho likimdondoka kwenye kitabu. Anastasia aliachia mkanda.

"Umemaliza, Baba?"

"Nimemaliza, mama. Popote alipo, nimempita."

"Sala ile uliyokuwa unaisoma, ndiyo hiyohiyo? Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Yule mama akageuza macho yake meupe kuelekea sauti ilikotoka. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anashangaa kweli.

"Kumbe ni fupi hivi," alisema.

Askofu Mkuu Adelard akamshika mkono tena. Wakaenda kwa Fredrick, ambako mama yake Wilbert alisimama kando ya mwanawe aliye hai bila kumtazama, lakini alisimama. Kisha wakarudi kwa Auleria, aliyekuwa amengoja wote bila haraka. Askofu akachovya kinyunyizio, kikagonga chini ya ndoo. Maji yalikuwa yamekwisha.

 Ndipo Anastasia akapapasa ndani ya mkoba wake wa ukili, akatoa chupa ya maji ya kunywa, nusu imeshanywewa, akainyoosha mbele yake, hewani.

"Bariki haya," akasema. "Ya kwake."

Askofu akayabariki. Wilbert akamshikia chupa. Akasoma sala ile ya dakika mbili juu ya dada yake, na safari hii, kila alipofika kwenye jina la Auleria, ilimbidi alirudie.